Akaunti Tano, Msafiri Mmoja: Kinachotokea Ukifungua Akaunti Nyingi Kununua Tiketi Mtandaoni

Disemba ikibisha hodi, mazungumzo ya baraza na ya makundi ya WhatsApp hapa Mombasa hugeukia tiketi za treni. Jamaa wa Nairobi wanataka kushuka Pwani, watoto wa bweni wanarudi, kuna harusi Kisauni, kuna matanga Voi, na Madaraka Express, treni ya abiria ya Mombasa na Nairobi, inasemekana imejaa siku zote zinazofaa. Hapo ndipo shauri hutolewa na mtu anayeongea kama anayejua: fungua akaunti nyingine. Tumia laini ya mama. Tumia kitambulisho cha kaka aliye Qatar, mwezi huu yeye hakihitaji. Mwingine hujibu kwamba ukifanya hivyo utafungiwa milele. Wa tatu asema hiyo ni kesi ya jinai. Na wa mwisho, ambaye mara nyingi ndiye anayesikilizwa, husema mabroka, wale walanguzi wa tiketi, wana akaunti mia, kwa nini sisi tuogope tano.

Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, lakini wanazungumzia mambo tofauti kana kwamba ni jambo moja. Yafaa yatenganishwe, kwa sababu mkanganyiko huu una wahasiriwa. Watu wanyofu wanajitia hatarini kwa faida ndogo au isiyokuwepo, na walanguzi wanajificha nyuma ya watu hao wanyofu.

Tuanze na maana za maneno yenyewe. Akaunti ni kumbukumbu yako ndani ya tovuti: jina, nambari ya simu, barua pepe, pengine nambari ya kitambulisho, na nenosiri la kuifungulia. Haina kiti ndani yake. Ukichagua kiti na kabla hujalipa, unachokuwa nacho ni kiti kilichoshikwa, yaani kimewekwa kando kwa dakika chache kwa ajili yako. Tiketi huja baada ya malipo, nayo ndiyo haki yenyewe ya kusafiri au kuingia uwanjani. Msafiri ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye tiketi. Mlipaji ni mwenye laini ambayo M-Pesa imetoka.

Ukijinunulia tiketi mwenyewe, wote hao ni wewe. Lakini mpwa anapomnunulia nyanya yake tiketi, akaunti ni ya mpwa, M-Pesa imetoka kwa mjomba aliye Malindi, na msafiri ni nyanya. Hakuna kosa lolote hapo, na hakuna haja ya akaunti ya pili. Ukishaona kwamba mwenye akaunti na msafiri si lazima wawe mtu mmoja, nusu ya maswali yanayoulizwa yanajijibu.

Mitungi kwenye foleni

Katika mitaa mingi ya Mombasa maji ya mfereji huja kwa zamu, na watu hupanga mitungi foleni kabla ya maji kufika. Kila mtungi unasimama mahali pa mtu. Jirani akikuomba umpangie mtungi wake kwa sababu yuko kazini, ukaupanga, hakuna atakayegombana nawe: mtungi una mwenyewe, na mwenyewe ana kiu yake. Ukipanga mitungi yako miwili, wako watakaonung'unika, na wenye kusimamia bomba wanaweza kukuambia uondoe mmoja. Lakini akija mtu na mitungi thelathini isiyo na wenyewe, akaijaza yote na kuwauzia maji wale wale waliokuwa nyuma yake, hilo ni jambo jingine kabisa.

Akaunti za tiketi ziko hivyo hivyo. Kuna mtu anayesimamia akaunti za wengine kwa idhini yao, mtoto wa nyumbani anayejua simu, ambaye anaingia kwenye akaunti ya baba, ya shangazi na ya nyanya. Kila akaunti ina binadamu wake halisi. Kuna mtu mwenye akaunti mbili au tatu zote zikiwa zake, kwa jina lake la kweli, labda kwa sababu alisahau nenosiri la kwanza akafungua nyingine, au ana laini mbili. Halafu kuna mwenye akaunti nyingi za majina ya kubuni au ya watu ambao hawajui kwamba majina yao yanatumika.

Wa kwanza hana kosa. Wa pili mara nyingi amevunja masharti ya tovuti, na adhabu yake inaishia ndani ya tovuti: akaunti moja kufungwa, au tiketi za ziada kufutwa. Wa tatu ameingia kwenye udanganyifu, na hapo sheria ya nchi inaweza kumfikia. Nitarudi kwake.

Hesabu ambayo hatuifanyi

Kabla ya sheria, tuangalie kama ujanja wenyewe unafanya kazi. Chukua mfano wa viti 1,000 na watu 10,000 wanaovitaka, kila mmoja akiwa na akaunti moja. Kama tovuti inawachagua kwa bahati nasibu, kila mtu ana nafasi moja kati ya kumi. Sasa shauri la baraza limeenea, kila mtu amefungua akaunti tano. Tovuti inaona maombi 50,000. Kila akaunti ina nafasi moja kati ya hamsini, na wewe unazo tano, kwa hivyo umerudi pale pale kwenye moja kati ya kumi. Jasho limeongezeka, bahati imebaki ile ile. Tena ni mbaya zaidi, kwa sababu wako watakaopata mara mbili na kushikilia viti wasivyovihitaji.

Lakini mtazame yule mama ambaye hakusikia shauri hilo, au alilisikia akalikataa. Ana akaunti moja. Nafasi yake imeshuka kutoka moja kati ya kumi hadi moja kati ya hamsini. Akaunti za ziada hazikuzaa kiti hata kimoja. Zimehamisha viti kutoka kwa mwenye simu ya kitufe kwenda kwa mwenye muda wa kukaa mtandaoni. Kwangu mimi hili ndilo linaloniuma katika jambo zima, kwa sababu yule anayesukumwa nyuma hajui kwamba amesukumwa. Yeye anaona tu "imejaa."

Si tovuti zote zinazochagua kwa bahati nasibu. Nyingi, hasa za usafiri, humpa aliyefika kwanza. Huko akaunti tano hazikufikishi mapema, kwa kuwa wewe bado ni mtu mmoja mwenye vidole kumi na intaneti moja. Anayefaidika ni mwenye roboti, yaani programu inayojaza fomu na kubonyeza vitufe yenyewe, ambayo inaweza kuendesha mamia ya akaunti kwa wakati mmoja. Kwa hivyo ile hoja ya "mabroka wana mia, sisi tano" haisimami. Tano zako hazikupi nguvu za broka. Zinakupa hatari kama zake bila mapato yake.

Kwa nini "imejaa" na baada ya dakika kumi kuna nafasi

Jambo hili limewafanya wengi waamini kwamba kuna mkono wa mtu ndani ya mtambo. Wakati mwingine mkono huo upo kweli. Novemba 2018 wafanyakazi wa Miritini, kituo cha treni hapa Mombasa, Wakenya na Wachina, walikamatwa kwa tuhuma za ulaghai wa tiketi. Lakini mara nyingi sababu ni ile niliyotaja juu: kiti kilichoshikwa.

Unapochagua behewa na kiti, mtambo lazima umzuie mwingine asiuziwe kiti hicho hicho wakati wewe unatafuta miwani na kuandika nambari ya siri ya M-Pesa. Kwa hivyo mtambo unakifunga kwa muda. Ukilipa, kinakuwa chako. Usipolipa, muda ukiisha kinarudi sokoni. Siku ya watu wengi, viti vinavyoonekana havipo ni mchanganyiko wa vilivyolipiwa na vilivyoshikwa tu. Ndiyo maana mtu wa Bamburi anaambiwa hakuna, na wa Likoni aliyeingia baada yake kidogo anapata. Hakuna uchawi.

Sasa fikiria watu mia tatu, kila mmoja akishika viti kwa akaunti tatu "kwa usalama" ili alipie kimoja. Treni inaonekana imejaa na kumbe nusu ya viti hivyo havitalipiwa. Wengine wanakata tamaa, wanakwenda Mwembe Tayari kutafuta basi kwa nauli ya msimu, na viti vinarudi sokoni wakati wao wameshaondoka. Kushika usichokusudia kulipia hakugharimu kitu kwa anayeshika, na hilo ndilo linalowafanya watu waone halina ubaya.

Kutokana na hayo kuna ushauri mmoja wa kweli: ukiambiwa hakuna nafasi, ngoja kidogo kisha uangalie tena kwa akaunti yako ile ile. Ila kwenye tovuti za matamasha na mechi, ambazo hukupanga kwenye foleni yenye nambari, usiwe unaupakia upya ukurasa kila sekunde. Baadhi ya foleni hizo hukuhesabu kama mgeni aliyefika sasa hivi na kukurudisha nyuma.

Tovuti inajuaje kwamba ni wewe?

Imani iliyoenea sana ni kwamba ukitumia dirisha fiche la brauza, au ukifuta historia, tovuti haikujui tena. Dirisha fiche linawaficha wenye kushika simu yako wasione ulikopita. Halimfichi uliyemtembelea. Tovuti bado inaona aina ya simu, ukubwa wa kioo, lugha, toleo la brauza na mengine madogo madogo, ambayo yakijumlishwa yanaweza kuitambua simu moja kati ya maelfu.

Imani ya pili ni ya barua pepe. Wako wanaoongeza nukta katikati ya jina lao la Gmail wakidhani wamepata anwani mpya. Gmail haizijali nukta hizo, barua zote zinaingia kwenye sanduku moja, na tovuti nyingi zinalijua hilo tangu zamani.

Ya tatu inawatia watu hofu bure: kwamba familia ikitumia Wi-Fi moja wote watafungiwa. Anwani ya intaneti peke yake ni ushahidi dhaifu, na hapa kwetu ni dhaifu zaidi, kwa sababu kampuni za simu huwapitisha wateja wengi sana nyuma ya anwani moja. Mtu wa Changamwe na mtu wa Mtwapa wasiojuana wanaweza kuonekana wametokea mahali pamoja. Tovuti yenye akili haimfungii mtu kwa hilo tu. Inatazama mambo yanavyoshikana: anwani moja, simu moja, laini moja ya malipo, majina kumi, yote ndani ya dakika nne.

Na hapo kwenye malipo ndipo wengi wanaponasa. Unaweza kubuni barua pepe mia, lakini laini ya simu Kenya husajiliwa kwa kitambulisho, na M-Pesa inalipa kutoka kwa laini. Akaunti kumi zilizolipiwa na laini moja zimeshajisema zenyewe. Hii haimaanishi kwamba kulipia wengine ni kosa, maana mjomba wa Malindi bado ana haki ya kumlipia nyanya. Maana yake ni kwamba usidhani umejificha.

Wenzetu walivyopambana na mitungi isiyo na wenyewe

Marekani ilitunga sheria dhidi ya roboti za tiketi mwaka 2016. Inakataza kuvuka vizuizi ambavyo tovuti imeviweka, vikiwemo vya idadi ya tiketi kwa mnunuzi. Ilikaa bila kutumiwa hadi Januari 2021, Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilipozifikia kampuni tatu za New York zilizokuwa zikitumia roboti na mamia ya akaunti za majina ya jamaa, marafiki na watu wa kubuni. Faini ilizidi dola milioni 31, ingawa kwa sababu ya uwezo wao kifedha zilitakiwa kulipa milioni 3.7.

Kesi iliyofunguliwa na tume hiyo hiyo Agosti 2025 inafundisha zaidi. Inadai kwamba kampuni moja ya kununua na kuuza tiketi ilitumia akaunti 49 kupata tiketi 273 za tamasha moja la Taylor Swift mjini Las Vegas, ambapo kikomo kilikuwa tiketi 6. Gawanya mwenyewe: ni chini ya tiketi 6 kwa kila akaunti. Kwa hesabu ya wastani, hakuna haja hata akaunti moja ivuke mpaka. Mpaka ulivukwa na mtu aliyekuwa nyuma ya zote. Hapa ndipo pa kuelewa kwa nini kikomo huandikwa "kwa kila mteja." Akaunti ni chombo cha kumhesabia mteja, na ukizidisha vyombo hujaongeza wateja.

Mwezi uliofuata tume ikaishtaki Ticketmaster yenyewe, tovuti kubwa ya kuuza tiketi, pamoja na kampuni mama, Live Nation. Katika madai yake imo hesabu kwamba walanguzi watano tu walikuwa na akaunti 6,345, wakishikilia tiketi 246,407 za matukio 2,594. Dai zito ni kwamba tovuti iliona ikanyamaza, kwa kuwa tiketi ikiuzwa mara ya pili kwenye soko lake inalipwa ada mara ya pili. Hayo ni madai ya mahakamani. Lakini yanaonyesha swali ambalo mnunuzi wa kawaida anapaswa kuliuliza kuhusu tovuti yoyote: akaunti nyingi zikizuiwa, nani anapoteza pesa?

India imechukua njia nyingine, nayo inatuhusu zaidi kwa sababu ni ya treni. Kwenye tovuti ya reli ya nchi hiyo, akaunti ambayo haijathibitishwa kwa Aadhaar, kitambulisho chao cha taifa, inaweza kukata tiketi 12 kwa mwezi, na iliyothibitishwa 24. Tangu Julai 2025 tiketi za dharura za mtandaoni, zile zinazofunguliwa muda mfupi kabla ya safari, hukatwa na waliothibitishwa tu. Mwaka huo huo zaidi ya akaunti milioni 25 zilizotiliwa shaka zilizimwa. Tazama kwamba hawakusema mtu mmoja tiketi moja. Walijua kuna baba mwenye watoto sita. Walichotaka ni kila mtungi uwe na jina la mwenyewe.

Hapa nyumbani

Madaraka Express ilianza kubeba abiria Juni 2017, na tangu mwanzo tiketi yake imekuwa na jina na nambari ya kitambulisho. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Mombasa na Nairobi ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500 tangu Januari 2024. Mtu asiye na simu ya intaneti anaweza kukata kupitia *639#. Treni nzima inabeba zaidi ya watu elfu moja, na wikendi ya sikukuu hiyo si nyingi kwa mji kama huu.

Jina kwenye tiketi linabadilisha mchezo. Tiketi ya tamasha isiyo na jina inaweza kuuzwa mlangoni kama embe. Ya treni, mlangoni Miritini unaulizwa kitambulisho. Ile ya kaka wa Qatar haitakufikisha popote, hata kama M-Pesa ilitoka kwako na hata kama kaka alikubali kwa moyo safi. Umelipia kiti cha mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Sasa, broka anafanyaje biashara ikiwa tiketi zina majina? Katika mitambo ya aina hii duniani kote, mbinu inayojulikana ni kushika kiti kwa jina lolote, kumtafuta mnunuzi, kisha kufuta na kukata upya papo hapo kwa jina la mnunuzi, kabla wengine hawajakiona. Kwa hivyo mtu akikupigia kuomba nambari yako ya kitambulisho ili "akuhamishie" tiketi, jua kwamba hakuna anachohamisha. Anabahatisha kufuta na kukata, na mwingine akiwahi kwa sekunde mbili, pesa yako iko kwake na kiti kiko kwa mwingine. Wengine hata hawana kiti cha kufuta. Wana picha ya tiketi ya mtu wa juzi.

Kuhusu sheria. Kuwa na akaunti mbili kwa jina lako la kweli si jinai. Ni suala la masharti ya tovuti, yale maandishi marefu tunayoyakubali bila kuyasoma. Lakini kutumia nenosiri au alama ya utambulisho ya mtu mwingine kwa udanganyifu kumetajwa wazi katika kifungu cha 29 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Neno la kushika ni udanganyifu. Kumkatia nyanya tiketi kwa kitambulisho chake, naye anajua na ndiye anayesafiri, si udanganyifu. Kuokota nambari za vitambulisho kwenye orodha ya wanachama wa chama ukazitumia kushikia viti vya kuuza, huo ni udanganyifu, na wenye nambari hizo wanaweza pia kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019.

Akaunti iliyofunguliwa saiba

Tatizo la akaunti ninaloliona kubwa kuliko yote halina uhusiano na ujanja. Ni la wazee wetu. Mzee anakwenda saiba, yaani duka la huduma za intaneti, kijana anamfungulia akaunti, na kwa haraka anaweka barua pepe ya duka na wakati mwingine nambari ya simu ya duka. Tiketi inapatikana siku hiyo, kila mtu anashukuru. Baada ya mwaka mzee hawezi kuingia, nambari ya uthibitisho inatumwa kwa kijana aliyekwishahama kazi, na dawa inayopendekezwa ni kufungua akaunti nyingine. Hivi ndivyo mtu mmoja mnyofu anavyojikuta na akaunti tatu, na mbili zikiwa mikononi mwa wasiojulikana, zenye jina lake na nambari ya kitambulisho chake.

Kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu akaunti huunganishwa na nambari ya kitambulisho. Huwezi kufungua ya pili kwa kitambulisho hicho hicho. Ni lazima uirudishe ile ya kwanza. Kama unaye mzee nyumbani, ingia naye kwenye akaunti yake wiki hii kabla msimu haujaanza, mtazame simu na barua pepe zilizoandikwa, na mzibadilishe ziwe zake. Kama hana barua pepe, tumia ya mtoto mmoja ambaye familia nzima inamjua, na iwe wazi ni ya nani.

Na wewe unayesimamia akaunti za nyumba nzima, kazi yako ni ya heshima na inataka utaratibu. Kila akaunti iwe na nenosiri lake, yaandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani, si kwenye kikundi cha WhatsApp. Nambari ya uthibitisho inayoingia kwa ujumbe mfupi isomwe kwako na mwenyewe kwa mdomo mkiwa mnaongea, na isipelekwe kwa mtu yeyote anayepiga kudai anatoka reli, benki au kampuni ya simu. Mfundishe shangazi jambo hilo moja hata kama hutamfundisha jingine.

Familia ikisafiri pamoja, anzeni na akaunti moja yenye wasafiri wengi, kwa kadiri tovuti inavyoruhusu. Viti vina uwezekano wa kuwa karibu, malipo ni moja, na mkitaka kuahirisha mnaahirisha mara moja. Mkizidi idadi inayoruhusiwa, mtu mzima wa pili afungue kwa jina lake na akate waliobaki. Kukata kwa akaunti mbili tofauti safari ile ile kwa msafiri yule yule, "moja ya akiba," ni hatari kuliko inavyoonekana. Mashirika ya ndege yanayotua uwanja wa Moi huweza kufuta tiketi mbili za jina moja zinazogongana, na si lazima yaache ile uliyoipenda.

Ikiwa umeshakata mara mbili kwa bahati mbaya, kwa mfano M-Pesa ilichelewa ukadhani haikupita ukarudia kwa akaunti nyingine, usinyamaze ukingoja siku ya safari. Weka jumbe zote mbili za M-Pesa, angalia ni nafasi ipi iliyotoa nambari ya tiketi, ifute ile ya ziada mapema kupitia tovuti au dirishani, na uulize makato ya kufuta ni kiasi gani. Kiti hicho kitarudi sokoni saa ile ile, na kuna mtu anakitafuta.